Kumpokea Mwanafunzi Mpya Asiache Chuo: Mwongozo kwa Vyuo vya Lamu

Mwezi wa Mei, katika wiki ya pili ya muhula, nilimkuta kijana wa kozi ya umeme ameketi gatini Lamu saa nne asubuhi, wakati wenzake wako karakanani. Begi lilikuwa miguuni pake, na juu ya begi alikuwa amefunga jozi ya buti za kazi ambazo hazijavaliwa hata mara moja, karatasi ya bei ikiwa bado imebandikwa kwenye soli. Nilipomsalimu alisimama kwa adabu akaniambia, "Mwalimu, nangoja mashua ya Faza." Nilimuuliza kama kumetokea msiba nyumbani, akasema hakuna. Alieleza kwamba alikwenda ofisini mara tatu kutafuta stakabadhi ya karo ambayo mjomba wake alikwisha kuilipa, kila mara akaambiwa arudi kesho, na bila stakabadhi hiyo jina lake halikuingizwa katika orodha ya karakana. "Na mle ndani simjui mtu," akasema. Mashua ilifika, akapanda.

Kijana huyo alikuwa amehudhuria siku zote tatu za mafunzo elekezi katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo. Alikuwa amesikiliza hotuba ya kila mkuu wa idara na kuzinakili kanuni katika daftari, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza jina lake. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba mafunzo elekezi yana kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi mpya anajulikana kwa jina na mtu mzima mmoja na wenzake kadhaa, na kwamba anajua mlango wa kubisha anapokwama. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuifanya kazi hiyo katika chuo cha kiufundi cha hapa kwetu, chenye wanafunzi wa kutoka visiwani na wa kutoka bara.

Kwanza wahesabu walioondoka

Kabla hujapanga ratiba yoyote, chukua rejista za awamu mbili zilizopita za usajili, uandike majina ya wote walioripoti na ambao hawamo tena, kisha mpigie simu kila mmoja wao. Ujumbe wa maandishi hautoshi, na mpigaji asiwe mtu wa ofisi ya fedha, kwa sababu anayedaiwa hawezi kumweleza ukweli anayemdai. Maswali ni matatu tu: ulihudhuria darasa kwa mara ya mwisho lini, ni jambo gani lilitokea wiki hiyo, na ulimwambia nani kabla ya kuondoka. Swali la tatu ndilo litakalokuumiza zaidi. Sisi tulipouliza, jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa "sikumwambia mtu."

Zipange tarehe hizo kwenye kalenda, na utaona jambo ambalo neno "karo" peke yake hulificha. Vyuo vya kiufundi nchini Kenya husajili wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mwezi wa Mei huku kwetu masika yamepamba moto na kusi imeanza kuvuma. Bahari ya nje ya miamba huchafuka, wenye mitumbwi na mashua ndogo hawatoki, na nyumba ya mvuvi wa Kizingitini au Kiunga huwa katika miezi yake mikavu kabisa. Mvuvi huyo huyo mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imetulia, angeweza kulipa bila kukopa. Mzazi wa Mpeketoni anayetegemea mahindi yuko katika palizi mwezi wa Mei, hana cha kuuza, na anayetegemea korosho hungoja hadi mwisho wa mwaka. Kwa hivyo wazazi wawili wanaodaiwa kiasi kile kile hawawezi kulipa kwa tarehe ile ile, na chuo kinachotoa tarehe moja kwa wote kinawafukuza baadhi yao bila kukusudia. Mpango wa malipo unaofuata msimu wa kila kaya uandaliwe kabla ya wanafunzi kuripoti, ili mafunzo elekezi yawe mahali pa kuutangaza na kuutia saini.

Kati ya barua na siku ya kuripoti

Wengi hupotea kabla hata hawajafika. Wamarekani wameuchunguza upotevu huu kwa muda mrefu, kwa sababu kwao vijana waliokubaliwa na chuo mwezi wa Mei hupungua kufikia Agosti bila taarifa yoyote. Chuo Kikuu cha Georgia State kilichoko Atlanta kilianza mwaka 2016 kutumia programu iitwayo Pounce, iliyojibu maswali ya wanafunzi wapya kwa ujumbe wa simu saa yoyote ya usiku na mchana, na idadi ya waliopotea katika kipindi hicho ikapungua kwa takriban moja ya tano. Maswali yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa: fomu hii huwasilishwa wapi, tarehe ya mwisho ni ipi, nifanye nini nikikosa cheti fulani.

Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa vizuri zaidi na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetoka kijiji kimoja na mgeni. Mpe orodha ya majina kumi na salio la simu, na mfundishe aanze kwa salamu na kwa kwao: "Assalaam aleikum, mimi ni fulani, kwetu Siyu, nasoma ushonaji mwaka wa pili, nimesikia unakuja chuoni kwetu Septemba." Baada ya hapo aulize kama kitambulisho kimetoka, kama laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe na si la kaka yake, kama maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, yamekwisha kutumwa, kama matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yametolewa nakala, na kama kuna mahali pa kulala. Mambo ya kitambulisho na laini yanaonekana madogo, lakini mkopo hukwama hapo, na mkopo uliokwama mwezi wa Septemba humwondoa mtu mwezi wa Oktoba.

Aulize pia swali moja ambalo vyuo huliogopa: je, kozi hii uliitaka? Wapo wanaopangwa na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, katika kozi waliyoiandika mwisho, wakaja kwa sababu mzazi amefurahi kupata barua. Kubadilisha kozi katika siku za mwanzo ni kazi ya fomu moja na mazungumzo na idara mbili. Kusubiri hadi muhula wa pili ni kumpoteza mwanafunzi pamoja na nafasi yake. Mwambie mapema kwamba mlango huo upo na siku ambayo utafungwa.

Siku ya kuripoti

Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anamwona, naye anajua kwamba anaonekana. Usimzungushe uani akiuliza njia. Weka meza moja chini ya kivuli, wawepo msajili, mtu wa fedha, mtu wa malazi na mlezi wa wanafunzi, ili mwanafunzi akiinuka hapo awe na stakabadhi mkononi, jina lake katika orodha ya darasa, na jina la kikundi chake. Stakabadhi itolewe papo hapo. Ikiwa mtambo umekwama, mtu wa fedha aandike kwa mkono na kutia muhuri, na mwanafunzi aingizwe katika orodha bila kungoja. Asiyekuwa na karo kamili asirudishwe nyumbani na mlinzi wala karani. Apelekwe kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, wakae chini, wazungumze kuhusu msimu wa nyumbani kwao na wakubaliane tarehe.

Wapelekeni wanafunzi wawili wenye vitambulisho vya chuo gatini tangu asubuhi. Mashua za kutoka Faza, Siyu na Kizingitini hufuata maji, na basi la kutoka Garsen na Witu likichelewa, abiria hufika Mokowe jioni wakiwa bado hawajavuka. Atakayefika baada ya alasiri asiandikwe kuwa amechelewa. Usajili uendelee kesho yake kwa heshima ile ile ya siku ya kwanza, hata kama wamekuja wanne tu.

Wazazi waliosindikiza, hasa mama waliowaleta binti zao, wasiachwe langoni. Nakumbuka Bi mmoja wa Pate ambaye hakuuliza neno lolote kuhusu kozi, mitihani wala ajira. Aliuliza kama mlango wa chumba alichopangishiwa bintiye kule Langoni unafungwa kwa komeo kwa ndani. Tulikwenda naye, akaukagua mlango, akazungumza na mwenye nyumba kwenye daka kwa muda mrefu, akarudi na mashua ya jioni moyo wake umetulia. Binti huyo alimaliza. Chuo kitenge mtu na saa moja kwa ajili ya ziara hizo za vyumba, kwa maana uamuzi wa binti kubaki chuoni au kurudishwa nyumbani mara nyingi hufanywa na mtu ambaye hajawahi kuliona darasa.

Siku mbili za mgeni, na ya tatu jembe

Methali tunayoijua sote inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami sijapata ratiba bora kuliko hiyo. Siku mbili za kwanza hotuba zote kwa pamoja zisizidi saa moja kwa siku. Mkuu wa chuo apewe dakika kumi, na kanuni ziandikwe kwa Kiswahili katika kijitabu ambacho mwanafunzi atakwenda nacho nyumbani, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kanuni ya hamsini aliyosomewa akiwa na njaa. Muda uliobaki utumike kutembea. Kila mwanafunzi apitishwe kwenye milango mitano: fedha, maktaba, mlezi wa wanafunzi, zahanati, na ofisi ya mafunzo kazini. Abishe mwenyewe, aingie, aulize swali moja la kwake. Walio ndani waarifiwe mapema ili wamjibu kwa uso mkunjufu. Aliyekwisha kubisha mlango siku ya kwanza bila shida hubisha tena wiki ya tatu akiwa na shida.

Siku ya tatu waingie karakanani na wafanye kazi ya kweli inayokamilika siku hiyo hiyo. Wa umeme wafunge taa moja na swichi moja kwenye ubao hadi taa iwake. Washonaji wapige mshono ulionyooka kwenye kipande cha amerikani. Wa upishi wakande na kukaanga mahamri, kisha wawaandalie wenzao chai. Niliwahi kumtazama msichana wa kutoka Witu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua mdomo, akiufunga waya wa mwisho kwa bisibisi, akabonyeza swichi, taa isiwake. Mwenzake wa Matondoni aliinama, akaona waya mmoja umeteleza chini ya skrubu, wakaufunga tena wawili. Taa ilipowaka walicheka kwa sauti, na tangu saa ile walikuwa wakikaa benchi moja. Ubao huo uandikwe jina na uhifadhiwe hadi mwanafunzi atakapomaliza.

Karakana inatatua pia jambo la lugha, ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, na kijana aliyekulia katika Kiamu au Kitikuu hukaa kimya darasani akidhaniwa kuwa mzito, ilhali koleo, bisibisi na msasa amevishika tangu utotoni katika karakana ya jahazi ya mjomba wake. Mkufunzi azitaje zana kwa lugha zote mbili wiki ya kwanza, aziandike ubaoni pande mbili, na amwachie mwanafunzi aeleze alichofanya kwa lugha anayoiweza. Kiingereza kitafuata kazi.

Vikundi vya wanane

Wagawe wanafunzi wapya katika vikundi vya watu wanane. Wakiwa 120, vikundi ni 15, idadi ambayo chuo kidogo kinaweza kuimudu. Changanya visiwa na bara, wake kwa waume, na kozi mbalimbali. Kila kikundi kiwe na mkufunzi mmoja mlezi na mwanafunzi mmoja mwenyeji. Katika kumchagua mwenyeji tumezoea kuwatazama viranja na wenye alama za juu, na nadhani hapo tunakosea. Mtafute aliyekaribia kuacha chuo akabaki, kwa sababu anayo habari ambayo mgeni anaihitaji.

Thamani ya habari hiyo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia, yaliyosema kwamba wao pia mwanzoni walijiona wageni na kwamba hali hiyo ilipita. Kisha wakaandika kwa maneno yao wenyewe mambo ambayo wangewaambia wajao. Zoezi lilichukua saa moja hivi. Katika miaka mitatu iliyofuata alama za wanafunzi Weusi zilipanda, na tofauti kati yao na Wazungu ikapungua kwa nusu. Lakini zoezi hilo lilifanya kazi kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli mahali pale. Chuo ambacho stakabadhi bado huchukua wiki mbili hakiwezi kumtibu mwanafunzi kwa hadithi za kutia moyo. Kianze na stakabadhi.

Kuna fundisho jingine kutoka huko huko linalohitaji uangalifu. Mwaka 1975 Vincent Tinto alieleza kwamba mwanafunzi hubaki pale anapofungamana na masomo na pia na watu wa chuo, hoja ambayo imebeba mafunzo elekezi ya nchi nyingi. Katika maandishi yake ya baadaye, hata hivyo, aliongeza wazo kwamba kijana hana budi kujitenga na alikotoka ili aingie ulimwengu mpya, na wahakiki, akiwamo William Tierney mwaka 1992, walipinga kwamba hilo huwaumiza wanafunzi wa jamii zenye mila na vifungo vyake. Kwetu nawaunga mkono wahakiki. Mwanafunzi wa Lamu hushikiliwa na nyumbani kama chombo kinavyoshikiliwa na nanga. Usimwambie asiende kwao Ijumaa. Mwambie mashua ya kurudi huondoka saa ngapi. Ukipanga wiki hizi za mwanzo, tazama Ramadhani imeangukia wapi, na mwezi wa Mfungo Sita pia, kwa sababu siku za Maulidi ya Lamu mji hujaa wageni na hakuna kijana wa hapa atakayekaa kwenye jaribio. Miezi hiyo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo kalenda ya mwaka jana haifai.

Hadi wiki ya sita

Siku tatu hazimshiki mtu. Chuo Kikuu cha South Carolina kiliyageuza mafunzo elekezi kuwa somo la muhula mzima mwaka 1972, na vyuo vingi vya Marekani vikafuata. Pendekezo langu ni wiki sita, saa moja kwa kila kikundi, Alhamisi alasiri.

Saa hiyo isijazwe mada za semina. Wiki ya pili mlezi amuulize kila mmoja analala wapi na anakula nini. Wiki ya tatu wote waje na simu zao, watazame maombi ya mkopo yamefika wapi na wajaze fomu za basari kabla muda haujapita. Wiki ya nne kila mkufunzi awe ametoa jaribio dogo lisilohesabiwa, na alirudishe ndani ya siku tano likiwa na maneno yaliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajui anaendeleaje hudhani anaendelea vibaya. Wiki ya tano mtu wa fedha aje kwenye kikundi yeye mwenyewe. Katika wiki zote hizo, atakayekosa siku mbili mfululizo apigiwe simu siku ile ile ya pili, na swali la kwanza liwe "hujambo?" kabla ya "uko wapi?"

Chuo kitenge pia mfuko mdogo wa nauli. Vyuo vya jamii vya Jiji la New York vilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP, uliowapa wanafunzi mshauri wa karibu, msaada wa vitabu na tikiti za usafiri wa jiji. Ulipopimwa kwa kulinganisha makundi mawili, asilimia 40 ya waliokuwa katika mpango walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 22 ya wasiokuwamo. Tikiti za treni za New York kwetu ni nauli ya mashua. Mwanafunzi aliyekwama Ndau Jumapili kwa kukosa nauli hukosa Jumatatu na Jumanne, kisha huona aibu kuingia Jumatano, na aibu hiyo humtoa chuoni haraka kuliko mtihani wowote.

Mwisho wa wiki ya sita hesabu tena, jina kwa jina, ukilinganisha na orodha ya siku ya kuripoti, na uhesabu upya muhula wa pili unapofunguliwa. Waliohamia chuo kingine watengwe na waliokatisha masomo. Takwimu hizo zisomwe mbele ya wakufunzi wote na karani wa fedha akiwamo.

Kikao cha sita kitumike kuandika barua. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa atakayekalia benchi lake awamu ijayo, kwa lugha anayoitaka, na barua zikabidhiwe kwa wale wanaopiga simu vijijini. Mojawapo iliyonifikia ilikuwa ya mistari minne. Mwandishi alimweleza mgeni asiyemjua kwamba mkufunzi wa hesabu huongea kwa ukali lakini ukimfuata baada ya kipindi anakuelekeza hadi uelewe, kwamba chumba cha karibu na kisima ni cha bei nafuu, kwamba buti anunue baada ya wiki ya kwanza kwa sababu karakana ina za kuazima, na kwamba akienda kwao Siyu arudi na mashua ya Jumapili, asingoje ya Jumatatu.